Hodhi ya Baba Mkubwa

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii niliisoma shuleni, nikaikariri, hata nikaiandikia insha iliyonipatia alama nzuri. Lakini sikuijua maana yake mpaka nilipowaua samaki wa Baba Mkubwa. Neno hilo, kuua, nalitumia kwa makusudi. Kwa siku tisa nilitumia maneno mengine, na maneno hayo ndiyo yaliyonitia katika aibu ninayotaka kuisimulia hapa. Huenda msomaji kijana akapata faida mbili kwa safari moja: akajua namna ya kutunza samaki nyumbani, akajua pia namna ya kuutunza ukweli moyoni.

Ilikuwa mwaka 1998, nami nilikuwa na umri wa miaka 14. Nilitoka kwetu Mombasa, nikapanda gari la moshi la usiku kwenda Nairobi kukaa likizo ya Agosti nyumbani kwa Baba Mkubwa. Mizigo yangu ilikuwa michache: nguo, vitabu viwili, na mfuko wa mchanga mweupe niliouchota ufuoni siku moja kabla ya safari. Nilikuwa nimesikia kwamba Baba Mkubwa anafuga samaki ndani ya kioo, nikawaza kuwa hapana zawadi bora kwa mzee aliyezaliwa pwani na kuzeekea bara kuliko mchanga wa kwao. Baba Mkubwa aliupokea kwa furaha, akautia katika chupa pana, akaiweka chupa juu ya kabati. Hakuutia ndani ya hodhi. Nilisikitika kidogo, lakini sikuuliza sababu. Laiti ningaliuliza!

Hodhi ile ilikuwa sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 75, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40, yaani maji lita 120 lilipojaa. Ndani yake waliishi tetra 20, samaki wembamba wenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Chini yao waliishi kambare wadogo 5, ambao mchana kutwa walikuwa wakipekua changarawe kwa ndevu zao kama kuku apekuavyo jaani. Wote hao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini. Baba Mkubwa alianza kuwafuga baada ya kustaafu, na kambare mmoja alikuwa amekaa naye miaka sita. Kila jioni mzee alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo kimya, na katika nyumba ile hapana mtu aliyethubutu kumsemesha wakati huo.

Siku ya tano tangu kufika kwangu, Baba Mkubwa aliitwa mazishini mbali, akawa hana budi kuondoka kwa siku kumi. Kabla ya kuondoka aliniita, akanipa karatasi yenye mistari mitatu. Wa kwanza ulisema: chakula kidogo, mara moja kwa siku. Wa pili ulisema: Jumamosi, toa mtungi mmoja na nusu wa maji, rudisha kiasi hicho hicho cha maji yaliyolala. Wa tatu ulisema: changarawe usiiguse ila kwa mpira. Akaniambia, "Mwanangu, nakuachia roho 25." Nikaitika kwa unyenyekevu, na ndani ya moyo wangu nikaona kwamba kazi hii ni ndogo mno kwa kijana mwenye akili kama yangu.

Jumamosi ilipofika niliitazama hodhi kwa jicho la mtu atafutaye sifa. Niliona changarawe ya rangi ya udongo, yenye taka katikati ya punje zake. Niliona sifongo ya kichujio imekuwa nyeusi kama masizi. Maji nayo yalikuwa na rangi hafifu ya chai. Nikajiambia, "Mzee amechoka, macho yake hayaoni tena uchafu. Nitamfanyia kazi ambayo atakaporudi atanishukuru mbele ya watu." Basi niliwahamisha samaki katika beseni, nikamwaga maji yote. Changarawe nikaichemsha katika sufuria, kisha nikaianika uani. Sifongo nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya. Nikapanda juu ya kiti, nikaishusha ile chupa, nikautandaza mchanga mweupe wa kwetu pamoja na vigae vya kombe vilivyochanganyika nao. Siku hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamekuja asubuhi, baada ya siku tatu za ukame wa mabomba. Nikaijaza hodhi moja kwa moja kwa ndoo, nikawarudisha samaki.

Msomaji, nakiri kwamba ilipendeza. Maji yalikuwa maangavu kama hewa, na mchanga uling'aa kama wali uliopikwa vizuri. Jirani mmoja aliyeingia alisema kwamba hajapata kuiona hodhi ile ikiwa safi namna hiyo. Nililala nikiwa nimeshiba sifa.

Asubuhi yake tetra wawili walikuwa wakielea ubavu. Siku ya tatu walikufa wanne. Waliobaki walikaa juu kabisa, midomo yao ikigusa uso wa maji, wakihema kama watu waliopanda mlima. Na matamvua yao yaligeuka mekundu kupita kiasi. Kambare walipanda juu mara kwa mara kugugumia hewa, kisha wakashuka wakalala bila kupekua. Kufikia mwisho wa juma tetra 4 na kambare 2 ndio waliobaki hai, na maji yalikuwa bado maangavu. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nilikuwa nikidhani kwamba maji maangavu na maji safi ni kitu kimoja.

Mama Mkubwa alipoona msiba huo aliniuliza kumetokea nini. Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, na kosa hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Katika nyumba ile kulikuwa na kitindamimba wa miaka sita. Juma moja kabla, mtoto yule alikuwa amekanywa kwa kuwatupia samaki kipande cha chapati. Nikajibu upesi, "Huenda mdogo wangu amewatilia chakula tena." Sikusema kwamba nimemwona. Nilisema huenda tu, na neno hilo nikalifanya ngao yangu. Mtoto alikemewa, akakatazwa kukanyaga sebuleni. Usiku, katika chumba tulicholala pamoja, alinong'ona, "Kaka, je, ni ile chapati iliyowaua?" Nami nikamwambia, "Lala."

Hakulala upesi, wala mimi sikulala. Mtoto wa umri ule huamini aambiwayo na mkubwa, na alipokwisha kuambiwa kwamba ameua, aliamini kwamba ameua.

Baba Mkubwa alirudi siku ya Jumatatu. Alisimama mbele ya hodhi hata kabla ya kuvua koti. Aliitazama chupa tupu juu ya kabati, akautazama mchanga. Aliichukua sifongo ya kichujio, akainusa, akairudisha. Kisha akaagiza ndimu. Alichota mchanga kidogo akauweka katika kisahani, akakamua ndimu juu yake. Na mchanga ukatoa povu dogo dogo lililochemka kwa sauti kama ya kitu kinachokaangwa mbali. Hakusema neno. Yote aliyotaka kuyajua alikwisha kuyajua, na nilifahamu kwamba njia ya mwongo kwa kweli ni fupi: yangu ilikuwa na urefu wa tone la ndimu. Hata hivyo nilinyamaza, maana mdomo ulikuwa mzito.

Ndipo yule mtoto alipotokea mlangoni, asithubutu kuvuka kizingiti, akasema, "Baba, nisamehe. Ni mimi."

Nilihisi kama kwamba nimemwagiwa maji ya barafu. Nikasema, "Baba Mkubwa, si yeye. Ni mimi peke yangu." Nikaeleza yote, tangu sufuria hata lile neno huenda. Nilingoja kipigo, lakini hakikuja. Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Usinianze mimi. Mwanze yeye." Nikaenda mlangoni, nikapiga magoti ili uso wangu uwe sawa na uso wa mtoto, nikamwambia kwamba nilimsingizia, na kwamba chapati haikuua samaki hata mmoja. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Basi naweza kuingia?" Baba Mkubwa akamjibu, "Ingia, mwanangu. Kaa hapa karibu." Jioni ile sote watatu tulikaa mbele ya kioo, na mzee akatufundisha.

Alisema kwamba samaki huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Kutoka katika matamvua yake, katika kinyesi chake, na katika chakula kinachooza, hutoka sumu iitwayo amonia. Mtoni sumu hiyo huchukuliwa na mkondo, lakini hodhi haina mkondo. Kinachowaokoa samaki ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, ambao hujishikiza juu ya changarawe na ndani ya sifongo. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haikuzidi. Bakteria wa kazi hii walitengwa na Mrusi Sergei Winogradsky mwaka 1890, na wakulima huwategemea shambani kama mfugaji wa samaki awategemeavyo nyumbani. Hodhi mpya huhitaji majuma manne hadi sita kabla jeshi hilo halijatimia. "Ule weusi wa sifongo," akasema, "wewe uliuona uchafu. Walikuwa watumishi wangu wa miaka mingi. Wengine uliwachemsha, wengine ukawaosha kwa dawa."

Maana maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Kwetu sisi wanywaji ni neema. Kwa matamvua ya samaki ni moto, na kwa bakteria wa kichujio ni mauti. Kwa sababu hiyo mzee alikuwa na desturi ya kuyalaza maji katika pipa wazi usiku na mchana mmoja, klorini ipate kupaa. Aliongeza kwamba iko miji ambayo hutumia klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kulazwa. Huko lazima mfugaji anunue dawa ya kuivunja. Na sifongo ikiziba, haioshwi kwa bomba. Hukamuliwa polepole katika ndoo ya maji yaliyotolewa hodhini, basi.

Kisha akaja kwenye mchanga. Mchanga mweupe wa ufuo wetu ni mabaki ya matumbawe na makombe, yaani ni chokaa. Tindikali ya ndimu au siki ikiugusa, hutoa povu. Na hicho ndicho kipimo rahisi cha kila mchanga na kila jiwe kabla ya kulitia majini. Chokaa hiyo huyeyuka kidogo kidogo, ikayafanya maji kuwa magumu, na kuyapandisha kutoka upande wa tindikali kwenda upande wa alkali. Hapo ndipo makosa yangu mawili yalipopeana mikono. Maji yakipanda kutoka pH 7 hadi pH 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Nilikuwa nimewaua wala sumu, kisha nikaitia sumu makali. Tena vile vigae vya kombe vilikuwa na ncha, na kambare mmoja aliyesalia alikuwa amekatika ndevu.

Niliuliza, kwa sauti ya mtu anayeitetea nchi yake, kama mchanga wa pwani basi ni mbaya. Baba Mkubwa akacheka kwa mara ya kwanza. "Si mbaya," akasema. "Wako samaki waitwao mbuna, wa Ziwa Nyasa, ambao maji yao ni magumu kidogo na ya alkali. Hao ukiwatandikia mchanga wako watakushukuru. Ubaya si wa mchanga. Ubaya ni wa kumpa mgeni chakula cha kwako bila kumuuliza alicholelewa nacho." Lakini alinionya kwamba katika hifadhi za bahari ni marufuku kuokota matumbawe na makombe, na kwamba ufuo si duka la kila apitaye.

Siku zilizofuata tulifanya kazi ya toba. Hatukuutoa mchanga wote kwa siku moja, maana viumbe waliochoka huuawa na mabadiliko ya ghafla hata yakiwa ya heri. Tuliutoa fungu kwa fungu kwa siku nne. Tulipata mchanga wa mto wenye punje nene, wa aina inayoletwa kutoka Machakos kwa wajenzi. Tuliuchekecha tukabakiza punje za milimita mbili au tatu, za mviringo, zisizokata. Tuliupima kwa ndimu, nao ukanyamaza. Tuliuosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka bila tope, kisha tukautandika kina cha sentimita nne. Mzee alieleza kwamba mchanga laini mno, ukirundikwa kwa kina bila kuguswa, hukosa hewa chini, ukafanya madoa meusi yenye harufu ya mayai viza. Mawe ya kupakwa rangi aliyakataa, kwa kuwa rangi hubanduka. Na vipande vya chupa aliviita visu. Rafiki yake mmoja, mfugaji wa siku nyingi, alitupa kipande cha sifongo kikuukuu na konzi ya changarawe kutoka hodhi yake, viwe mbegu ya bakteria wapya.

Kazi ya maji nilipewa mimi. Wakati wa hatari nilibadilisha lita 20 kila siku. Baadaye, lita 30 kila Jumamosi, yaani robo ya maji yote. Nilijifunza kuweka ndoo chini, kuuzamisha mpira hodhini, na kuuchomeka kidogo kidogo katika changarawe ili uvute taka na kuacha mawe. Nilijifunza kuyagusa maji mapya kwa mkono, yasije yakawa baridi kuliko ya zamani, kwa kuwa asubuhi ya Agosti mjini Nairobi ina ukali wake. Nilijifunza pia kwamba kujazia si kubadilisha. Maji yapungukayo kwa mvuke huenda peke yake, yakaacha chumvi na nitrati nyuma. Anayejazia tu, mwaka hata mwaka, hukoleza mchuzi uleule. Aondoaye robo ya maji huondoa robo ya sumu, lakini bakteria wengi hubaki katika changarawe, na samaki hawashtuki. Haba na haba hujaza kibaba; na hapa niliona kuwa haba na haba pia husafisha.

Wale tetra 4 walipona wote. Kambare mmoja alikufa, yule wa miaka sita. Baba Mkubwa alimzika chini ya mti wa ndimu, na hakunikemea. Ningalipenda anikemee.

Tangu siku zile nimesoma mengi juu ya samaki, na jambo moja nataka kulisimulia kabla ya kumaliza, lisije likasemwa kwamba hodhi ni mchezo wa wenye nafasi. Katika Ziwa Viktoria mliishi fulu wa mamia ya jamii. Katika miaka ya 1950 na 1960 samaki mkubwa aitwaye mbuta, ambaye wengine humwita sangara, alitiwa ziwani. Akaongezeka, na katika miaka ya 1980 jamii nyingi za fulu zilitoweka, zikiandamwa naye pamoja na uchafu wa maji. Baadhi ya jamii ambazo ni shida kuzipata ziwani zimeendelea kuzaana katika mahodhi ya kioo ya wataalamu na ya watu wa kawaida katika nchi za mbali, kwa sababu tu yupo mtu anayekumbuka kila juma kuchota robo ya maji na kuirudisha. Uhai wa kizazi kizima waweza kutegemea ndoo na mpira.

Baba Mkubwa alikwisha kututoka. Hodhi ile sasa iko kwangu, na karatasi ya mistari mitatu nimeibandika ubavuni mwake, japokuwa wino umefifia. Yule mtoto wa miaka sita amekuwa mtu mzima, mrefu kuniliko. Akija kunitembelea huingia sebuleni moja kwa moja bila kuuliza, hukaa mbele ya kioo, kisha husema kwa sauti ya baba yake, "Kaka, mchanga huu umeupima?" Nami huenda jikoni kuleta ndimu.

Ndugu msomaji, ukiamua kufuga samaki, upime mchanga kabla ya kuutandika, uyalaze maji kabla ya kuyamimina, na usiwe na pupa ya kusafisha usichokielewa. Na siku utakapokosea, kama nilivyokosea mimi, usiuache uongo ulale hata usiku mmoja katika chumba kimoja na mtoto. Maji machafu huweza kubadilishwa robo kwa robo, lakini ukweli hautolewi robo. Hutolewa wote, na kwa siku moja.